Msumari Haulali na Ushanga

Mama yangu alikuwa na neno moja lililonikera kuliko matusi yote ya sokoni: "Bado." Nampelekea ushanga niliousugua tangu asubuhi, mimi naona unang'aa, yeye hautazami hata. Anauweka kwenye mdomo wake wa chini, anaupitisha taratibu upande huu na upande ule, halafu ananirudishia kiganjani. "Bado." Basi, hakuna maelezo wala pole. Mimi mke wa mtu, mama wa watoto, mwanakwaya wa parokia, narudishwa kwenye jiwe la kunolea kama mtoto wa chekechea.

Alitumia mdomo kwa sababu vidole vyake vilishamaliza kazi ya kuhisi. Jembe la mashamba ya mpunga lilikuwa limevifanya vigumu, kisha moto ukaja kumalizia. "Vidole vya mkulima havina habari," alisema. "Mdomo wa chini haujawahi kushika mpini." 

Kazi hii ya kutengeneza shanga kwa chupa alifundishwa pamoja na wanawake wengine, zamani, na mwalimu mmoja aliyepita hapa Ifakara. Wenzake waliungua vidole mara moja wakarudi kwenye vitumbua na maandazi yao, na sina sababu ya kuwalaumu. Mama alibaki. Nyuma ya nyumba yetu, Lipangalala, alijenga jiko la udongo, akafunga feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli ili kupuliza mkaa, na hapo ndipo alipokaa miaka yote niliyomjua kama fundi. Chupa za soda zilimpa kijani, chupa za bia zikampa kahawia. Bluu ilikuwa adimu. Mtu akimletea chupa ya bluu ya dawa au ya mafuta, siku hiyo hapiki, anatuachia sisi jikoni na kwenda kuwasha jiko lake.

Moto ulikuwa wake. Matundu yalikuwa yangu.

Asiyeijua kazi hii hudhani ushanga unatobolewa baada ya kutengenezwa. Hapana, ushanga unazaliwa ukiwa na tundu lake, kwa kuwa unazaliwa juu ya chuma. Unachukua spoki ya baiskeli, unaichovya kwenye udongo mweupe uliokorogwa ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa, unaiacha ikauke. Kioo kikishalainika motoni unakizungusha juu ya ule udongo mpaka kinakuwa duara. Kisha spoki na ushanga wake vinafukiwa kwenye majivu ya pumba za mpunga vilale humo, vipoe polepole, maana kioo kikipoa kwa haraka kinapasuka. Udongo ndio unaozuia kioo kisishikane na chuma. Kesho yake vinakuja kwangu.

Navilowesha kidogo udongo ulainike. Naushika ushanga kwa kitambaa kibichi, naishika spoki kwa plaizi, nazungusha. Anayevuta huvunja, kinachotakiwa ni kuzungusha, huku na huku, mpaka usikie umeachia. Ukishatoka, ndani yake umebaki udongo ulioungua, umeng'ang'ania. Hapo naingiza kipande cha waya wa breki ya baiskeli, ule uliosokotwa, nimeuchovya kwenye mchanga laini na maji, nausukuma na kuurudisha mpaka ndani kuwe safi. Kila kitu kifanyike kikiwa kimelowa, kwa sababu vumbi la kioo likiingia kifuani halitoki. Mwisho nasugua kingo za tundu kwenye jiwe, ili zisikate uzi wala ngozi ya mtu, nang'arisha kwa kipande cha kanga kuukuu na majivu ya pumba. Halafu napeleka kwenye mdomo wa mama, naambiwa bado.

Vyuma vilikuwa vya namna namna. Spoki kwa shanga ndogo, mpini wa kijiko kwa zile kubwa za shingoni, na misumari mirefu kwa shanga za tundu pana. Msumari mama hakuupenda. Spoki imepakwa kitu kinachozuia kutu, lakini msumari unashika kutu ukiona mvua kwa mbali, na kutu inavimba. Ikivimba ndani ya ushanga, ama inaung'ang'ania usitoke tena, ama inaupasua. Ndiyo maana alikuwa na sheria: shanga za misumari hutolewa siku hiyo hiyo zinapofukuliwa kwenye majivu. "Msumari haulali na ushanga," alisema. Wanawake wa kwaya waliposikia walicheka kwa namna yao, wakaupa msemo maana ya chumbani, naye hakuwazuia.

Katika ukoo wetu binti anayekwenda kuolewa hupewa shanga za kiuno na bibi mzaa mama, na bibi huyo azitengeneze au azitunge kwa mkono wake. Hazinunuliwi zikiwa zimeshatungwa. Ni mambo ya ndani, nami sitasema zaidi ya hapo. Anayejua anajua, na asiyejua akamuulize bibi yake. Mimi nilivishwa zangu na bibi yangu, naye alizitunga kwa shanga za dukani maana hakujua moto. Binti yangu alikuwa awe wa kwanza kwetu kuvaa shanga ambazo bibi mtu amezianza tangu kwenye chupa.

Alichumbiwa na kijana wa Mang'ula, mtu mpole, anazungumza kama anaogopa kuamsha mtoto. Mahari ikaenda vizuri, tarehe ya ndoa ikatangazwa kanisani, na mama akarudi kwenye jiko lake la shanga kama mtu aliyeitwa kazini. Alitaka uzi uwe mara mbili, usije ukakatika mjukuu akadharaulika, kwa hiyo tundu lilihitaji kuwa pana. Alichukua misumari. Alikoroga udongo mpya, na kama alivyofanya kila alipoanza kazi ya mtu wa nyumbani, alitia maji kinywani akayapuliza juu ya ule udongo. Kwetu mzee hubariki hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo wa mchele, nikamwambia, "Mama, utabariki mpaka udongo?" Akanijibu, "Udongo ndio unaotangulia."

Alimaliza, akafukia misumari yake kwenye kopo la majivu, akalalamika kichwa. Ile ya kulalamika kichwa tuliizoea. Lakini safari hii tulimpeleka hospitali, na hakurudi akiwa hai.

Nitasema kama ilivyokuwa. Niliporudi kutoka makaburini niliona lile kopo kando ya jiko, vichwa vya misumari vimechomoza kwenye majivu. Sheria yake naijua. Ningeweza kukaa chini saa ile ile, nikafanya kazi ambayo mikono yangu inaijua hata nikiwa nimelala. Sikuweza. Ndani ya kila ushanga mle mlikuwa na udongo alioukoroga yeye, wenye maji ya kinywa chake, na kazi yangu mimi ni kuutoa udongo huo na kuumwaga. Nikasema moyoni, majivu ni makavu, hayana neno, zikae kidogo. Nikalifunika kopo kwa sahani nikaenda kukaa na wafiwa wenzangu.

Watu walijaa nyumbani. Walitoka Mahenge, walitoka Chita, walilala sebuleni, barazani, kila mahali penye mkeka. Mbele ya wote alikuwa mama mdogo, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, mwanamke asiyejua kukaa bila kushika kitu. Alifagia, alichambua mchele, alifua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, kama inavyonyesha bondeni kwetu majira hayo, na ndani kila kitu kilikuwa na unyevunyevu hadi chumvi.

Baada ya matanga kuanuliwa, wageni walipoanza kuondoka, mama mdogo akanijia uani na beseni mkononi.

"Mwanangu," akasema, "haya maji nimwage wapi?"

Nikatazama. Maji yalikuwa mekundu. Chini yake ilikuwepo misumari, na juu ya misumari shanga za binti yangu.

"Mama mdogo, nani ameweka shanga hizi majini?"

"Ni mimi, mwanangu. Si nilikuwa namwona dada kila nikija, shanga zikitoka kwenye majivu zinawekwa majini? Nikasema nikuanzishie kazi, maana wewe una msiba. Nimeziloweka tangu jioni ile tuliyomzika, udongo ulainike vizuri."

Mimi nina hasira za karibu. Mume wangu husema zangu hukaa mlangoni na viatu miguuni. Zikanipanda. Kumlowekea mtu shanga! Mtu wa ukoo mwingine asingefanya kosa hilo, kwa sababu asingejua hata kwamba zinaloweshwa. Ilihitaji mtu wa nyumbani, aliyeona kazi yetu kwa miaka bila kukaa nayo hadi mwisho, mwenye upendo wa kutosha kuishika na ujuzi wa nusu. Kulowesha ni hatua ya kwanza kweli. Hatua ya pili huja wakati huo huo, na hiyo ilikuwa yangu, nami nilikuwa sebuleni.

"Asante, mama mdogo," nikasema. Nilisema kwa meno. Yeye si mjinga, akalitua beseni chini na kujishika kiuno.

"Nimeharibu?"

Nilichukua plaizi na kitambaa, nikaushika ushanga wa kwanza uliokuja mkononi, wa kijani, nikazungusha. Haukusogea. Nikachukua mwingine, haukusogea. Wa tatu ulikuwa wa bluu, na nilipouinua kwenye mwanga nikaona ufa umepita upande mmoja hadi wa pili. Kutu ilishafanya kazi yake. Nilipouzungusha kidogo tu ukafunguka vipande viwili mkononi, na kwenye msumari pakabaki ganda la udongo na kutu.

Hapo nililia. Makaburini sikulia vile.

Binti yangu alitoka ndani mbio akidhani kuna msiba mwingine. Alipoona, akachuchumaa karibu nami. "Mama, acha tu," akasema. "Sokoni ziko nyingi, nzuri kabisa, nitanunua. Nani atajua?"

"Utanunua?" nikamgeukia. "Shanga za bibi yako ukanunue kwa mtu anayeuza na vibanio vya nywele? Ondoka hapa kabla sijakutia adabu siku chache kabla ya ndoa yako!"

Alikuwa ananionea huruma, najua. Lakini huruma ilikuwa imeshaniharibia beseni zima, sikutaka nyingine. Akarudi ndani akinung'unika. Mimi nikabaki na hesabu moja tu kichwani: mama ameshaondoka, hatatengeneza nyingine, na kila saa misumari ikikaa mle inazidi kuvimba. Shanga za binti yangu ni hizi hizi au hana.

Kutu inaogopa ukali. Hilo nililijua kwa mashati ya shule: doa la kutu hutoka kwa ndimu na chumvi. Kwa jirani kuna mndimu. Nikamtuma mama mdogo, kwa heshima, akaombe ndimu nyingi kadiri atakavyopewa, na yeye aliyekuwa tayari amefunga mzigo wa kurudi Mahenge akaenda bila swali, akarudi na kanga imejaa. Tulikaa uani chini ya bati, yeye anakamua, mimi napanga misumari kwenye sufuria ya zamani. Maji ya ndimu yakaanza kutoa vipovu vidogo pembeni ya chuma. Tukayaacha yaitafune ile kutu.

"Basi lako litakuacha," nikamwambia.

"Liniache." Aliendelea kukamua. Baadaye akasema bila kuniangalia, "Nilitaka na mimi nishike kitu chake. Wewe una kazi yake, una jiko lake. Mimi nilipewa kanga mbili na picha ya kitambulisho."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilisogeza kigoda changu karibu na chake, nikachukua kisu tukawa tunakata ndimu wote wawili. Sikumwambia neno la kumfariji, sijui kuyapanga maneno hayo. Nilimwambia tu asikamue mbegu.

Kesho yake nilianza. Kitambaa kibichi, plaizi, huku na huku. Ushanga wa kwanza ulikataa, nikaurudisha kwenye ndimu. Wa pili ulikaa kimya muda mrefu, kisha nikasikia ule mkwaruzo mdogo ninaoujua, nao ukazunguka. Nilipiga kelele hata kuku wakaruka. Mama mdogo akapiga vigelegele, jirani akachungulia kwenye ua akauliza kama ndoa imewahishwa. Siku ile na iliyofuata nilitoa karibu zote. Chache zilipasuka. Kila moja ilipopasuka mama mdogo alifumba macho, nami nilimwambia hiyo ilikuwa na kasoro tangu motoni, ingawa haikuwa kweli.

Kikabaki kile nilichokuwa nakikimbia. Shanga zilikuwa mezani, zimetoka kwenye chuma, na ndani ya kila moja ule udongo. Nilichukua waya wa breki nikaurudisha chini. Nikawaza niziache hivyo hivyo, azivae na udongo wa bibi yake ndani. Nani angenilaumu? Lakini nilimsikia mama kama yuko nyuma yangu. Ushanga wenye udongo ndani hunyonya jasho, unatoa unga, unakula uzi polepole, mwishowe unakatika mbele za watu. Nimeona ikitokea. Kuuacha udongo ule kungekuwa kuharibu kazi yake ili mimi nijisikie vizuri.

Nikaanza kusugua. Maji kwenye bakuli yakawa meupe. Yalipokuwa meupe sana nilisimama kwenda kuyamwaga, na miguu yangu yenyewe ikanipeleka kwenye ndoo ya udongo iliyokuwa kando ya jiko la mama. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Udongo ulioungua haukutupwa. Uliachwa utulie, maji ya juu yakaondolewa, na mashapo yakarudi kuchanganywa na udongo mbichi, maana alisema ule ulioonja moto hauogopi kioo. Nilikuwa nimeyamwaga humo maelfu ya mara bila kuwaza chochote. Safari hii nilisimama nikaangalia weupe unavyoshuka taratibu ndani ya ndoo. Nilikuwa na amani kidogo, nikarudi kwenye kigoda.

Nikasugua kingo kwenye jiwe, nikang'arisha kwa majivu ya pumba, nikaosha kwa sabuni. Nilipomaliza nilizimwaga kwenye ungo mdogo, kijani na kahawia, na bluu hapa na pale, zikakaa kwenye mwanga wa jioni zikiwa safi. Nikachukua mmoja kumpelekea mama.

Nilikuwa nimeshasimama ndipo nikakumbuka. Nilisimama pale na ushanga kiganjani, sina pa kuupeleka. Siku zote nilidhani kazi yangu ndiyo inamaliza ushanga. Kumbe ulikuwa hauishi mpaka upite kwenye mdomo wake, na mdomo huo tulikuwa tumeuzika.

Nikaamua nipime mwenyewe. Nikaweka mdomoni wa kwanza: laini. Wa pili: laini. Wa tatu, laini. Zote zilikuwa laini, zote nzuri, hakuna hata mmoja wa kurudishwa. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Nilijua ninajidanganya, na sikujua nitajuaje ni wapi.

Mama mdogo naye akajaribu, lakini yeye kila ushanga alitaka kuubusu, hakupima kitu.

Binti yangu akaja kutoka kuoga, kanga kifuani, bado amenikasirikia kidogo kwa yale ya sokoni. Akainama kwenye ungo, akachukua ushanga mmoja wa bluu. Nilidhani anautazama rangi. Hakuutazama. Aliuweka kwenye mdomo wake wa chini, macho yametazama pembeni kwenye ukuta kama mtu anayesikiliza, akaupitisha upande huu, akaupitisha upande ule. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amekua akizungusha lile gurudumu la feni, na miaka yote alikuwa anamwona bibi yake akifanya hivyo.

Akanirudishia kiganjani.

"Bado, mama."

Hasira zilinipanda, viatu miguuni kama kawaida yake, na nilishafungua kinywa. Kisha nikauweka ule ushanga kwenye mdomo wangu mwenyewe, nikaukuta: ukingo mdogo, mwembamba, upande mmoja wa tundu, pale pale aliposema. Nilicheka, machozi yakanitoka, mama mdogo akauliza kuna nini tena. Nikamwambia hakuna kitu, asogee tu nipate nafasi.

Nikavuta kigoda, nikalowesha jiwe.